Kitenzi cha Jiwe la Kufulia

Sabuni ya mche haina wateja tena kama zamani. Hapa Musoma mjini mtu akienda dukani siku hizi anataka ya unga, ya pakiti, yenye harufu ya maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mimi bado naagiza mche, na kijana wa duka, mpenda utani, huniuliza kama naenda kufua au kujenga. Nyinyi wa rika langu mnaijua: ule mche mrefu wa bluu uliokuwa unakatwa vipande kwa uzi, na ukikatwa tu harufu inakupanda puani kabla hujalipa. Tangu tumzike dada yangu Tekla, harufu hiyo siiwezi. Naifungua kwenye gazeti, beseni liko tayari na maji yako tayari, halafu nakaa kwenye kigoda kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe.

Kwetu ni Kiriba, kule kwenye rasi, ambako ukitoka nyumbani kwenda kulia au kushoto unalikuta ziwa. Baba alikuwa na shamba la muhogo na mtumbwi, na hakuna kati ya hivyo viwili alichokipenda kuliko kuwaza ng'ombe ambao hakuwa nao. Kaka yetu Magesa alikuwa mkubwa. Akafuata Dada Tekla, kisha pengo refu la watoto ambao hawakukaa, kisha mimi, kisha Mafuru, ambaye wakati huo alikuwa hajui hata kufunga kifungo. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Dada. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenichapa, na aliyenifundisha kupiga mswaki kwa kijiti.

Dada alikuwa anafua nguo za misheni. Si nguo tu, vitambaa vya altare, mashuka ya zahanati, na yale makanzu meupe ya padri ambayo yakiloa yanakuwa mazito kuliko mtoto. Alizibeba kichwani mpaka kwenye majiwe ya ziwani. Zikishatakata aliziingiza kwenye maji ya bluu zipate weupe ule wa kuumiza macho, kisha kwenye uji mwepesi wa muhogo ili zikikauka zisimame. Sisi wadogo tulimfuata. Ukiwa umekaa kwenye lile jiwe kubwa unakiona kisiwa cha Rukuba kimelala majini, na upande wa juu wanawake wanageuza dagaa kwenye mchanga. Harufu ya dagaa na harufu ya mche zilichanganyika, na mpaka leo sijui kuzitenganisha.

Aliyesimamia nguo hizo misheni alikuwa Sista Pilari, mtu wa Hispania, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na Kiswahili cha kuruka-ruka. Siku moja Dada alirudi kutoka kwake akiwa na kitu mdomoni, naona anataka kukisema na anakionea haya.

"Lavo," akaniambia.

"Ndo nini hicho?"

"Mimi ninafua. Kihispania."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu kwangu lilikuwa jina la mbwa. Dada hakukasirika. Aliniweka kwenye jiwe dogo lililo karibu na lake, akanipa soksi za padri nizifikiche, akasema, "Sasa wewe ni *lavas*. Wewe unafua. Usisahau, hiyo ni yako."

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza. Jiwe la kwanza ni lake, *lavo*. La pili ni langu, *lavas*. La tatu akapewa Mafuru, *lava*, naye alilitamka kwa nguvu kuliko sisi wote kwa kuwa ndilo neno pekee la kigeni alilolijua. *Lavamos* tulisema wote pamoja. *Laváis*, yaani ninyi mnafua, tuliwarushia wale wanawake wa dagaa, nao walitujibu kwa matusi mepesi ya mapenzi. Na *lavan*, wale wanafua, tuliwapa ndege weusi waliokuwa wanakaa juu ya jiwe la mbali na kutanua mabawa yao yakauke. Dada anapiga nguo kwenye jiwe, *lavo*, mimi nadakia, Mafuru anapiga kelele, na mzunguko unaanza tena. Nguo zilikwisha hatujui zimekwishaje.

Mimi neno langu nililichukua kama gauni. Nimepewa, ni langu, mtu mwingine asilivae. Niliamini kabisa kwamba huko Hispania hakuna anayeweza kufua bila kupitia kwangu, na nilijiuliza waliwezaje kabla sijazaliwa.

Wakati mwingine Dada alirudi na zamu mpya. Kumbe neno lile lilikuwa na jana yake. *Lavé*, nilifua, na langu likawa *lavaste*. Halafu likaja la kufua kwa mazoea, kule kufua kwa siku zote zilizopita, *lavaba*, na langu *lavabas*. Dada alilieleza vizuri. "Ni kama tunavyosema alikuwaga anafua," alisema. "Si mara moja. Ndo maisha yake yalivyokuwa." Likaja la kesho, *lavaré, lavarás*, ambalo Mafuru alilipenda kwa sababu lilimpa nafasi ya kupaza sauti mwishoni. Likaja la ningefua, *lavaría*. Dada alistaajabu kwamba Wazungu nao wana "ningefua". Alidhani "ningalijua" na "ningelikuwa" ni majuto yetu sisi peke yetu.

Sista alikuwa amemwambia kwamba kitenzi hiki kimenyooka. Ukikijua hiki chote, umevijua na vingine vingi vya aina yake, kwa sababu vinafuata njia hiyohiyo. Dada alipotuletea habari hiyo aliitafsiri kwa namna yake: "Hiki ni kitenzi chenye adabu. Kinajulikana kinapotoka na kinapokwenda. Kuna vingine huko mbele, Sista anasemaga, vina vichwa vigumu." Akacheka, akamtazama Mafuru.

Sababu ya masomo hayo niliijua, kwa sababu Dada aliniambia akiwa ananisuka. Alitaka kuwa sista. Shirika lao lilikuwa na nyumba ya malezi huko Hispania, na Sista Pilari alisema akishaishika lugha kidogo wangempeleka. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Akasema, kwa kuanzia, akimaliza kitenzi hiki chote bila kukosea. Basi mimi nikaelewa kwamba kitenzi ni kama njia: kina mwisho, na mwisho wake ni ndege. Sikujua kama nifurahi. Nilitaka Dada apande ndege, niwatambie wenzangu shuleni. Nilitaka pia kitenzi kisiishe. Nilipomkuta amekosea mahali, nililala vizuri.

Sista alikuja nyumbani kuzungumza na Baba. Mama alitandika kitambaa mezani, kuku akachinjwa, na mimi nikapewa kazi ya kunawisha wageni, ndiyo maana nilisikia.

"Baba Magesa," Sista alisema, "Tekla ana wito. Mimi naona. Tunaomba wewe utupe yeye."

Baba alifuta vidole kimoja kimoja, kuonyesha kwamba amelisikia jambo zito. "Sista," alisema, "mimi sigombani na Mungu hata kidogo. Tutaona."

Sista akashukuru sana. Akamshika Mama mikono yote miwili, akaondoka kwa ule mwendo wake wa haraka, kanzu ikimpiga miguuni. Nyinyi mnaosoma hapa mmekwishajua. Kwetu mgeni hakataliwi usoni, tena mgeni wa Mungu, tena akiwa bado na mchuzi wako mkononi. Anaambiwa tutaona, anakwenda zake kwa amani, na kila aliyekaa pale anajua kwamba jambo limekwisha. Sista alikuwa amekaa kwetu miaka, alijua kutibu watoto wetu na kula samaki wetu kwa mkono, lakini hilo hakuna aliyemfundisha. Alisikia tutaona, akadhani ni ndiyo inayosubiri muda. Akarudi misheni, akaendelea kufundisha.

Na Dada? Dada alikuwa mtoto wa Kiriba, alilijua neno hilo kama mimi nijuavyo chaki. Lakini Baba hakuwa amesema hapana. Nadhani mtu anayetaka kitu sana hujifanya mgeni katika lugha yake mwenyewe. Alichukua ile tutaona ya Baba, akaisikia kama alivyoisikia Sista.

Nilichosikia mimi kilikuwa tofauti tena. Sista alipokwisha kupotea njiani Baba alimwambia Mama, "Ng'ombe zije tu. Ng'ombe zikija, mambo ya Tekla yatakuwa yamekaa sawa." Mama akaitika kwa pumzi, akaanza kukusanya vyombo.

Mimi nikapiga hesabu zangu za kitoto, na zilitoka vizuri. Kwetu jambo lolote kubwa lilikuwa na ng'ombe nyuma yake. Mama alipopasuliwa hospitali ya Musoma, ng'ombe wa babu alikwenda mnadani. Mjomba aliposoma chuo, ng'ombe. Sasa Dada anakwenda Hispania, na Hispania ni mbali, hata Sista alisema ni mbali. Basi ng'ombe ni nauli. Baba anatafuta nauli. Nilimpenda Baba sana siku ile, nikamletea maji ya kunywa bila kutumwa.

Baada ya hapo Baba na baba mdogo walisafiri kwenda upande wa Butiama, wakarudi, wakaenda tena. Dada aliponiuliza wameenda kufanya nini, nilimwambia sijui, kwa sababu nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza.

Wakati huo Dada alikuwa amefika sehemu ngumu ya kitenzi, ile ya mwishomwisho. *Lave, laves, lave.* Alitueleza akiwa amekaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa kawaida alieleza akiwa anapiga nguo. "Hii ni ya kitu ambacho hakijawa," alisema. "Unakitaka kiwe, unamwomba Mungu kiwe, lakini hakijawa. Nifue. Ufue. Afue." Mafuru akauliza, kama hakijawa kwa nini tunakisema. Dada akamwambia anyamaze afue.

Aliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Alikaa nayo wiki kwa wiki, hata mimi nikachoka. Nadhani alikuwa ameshaijua zamani, na alibaki pale kwa kupenda tu.

Ng'ombe walikuja mchana, jua kali. Nilikuwa nimetumwa nyumbani kuleta uji wa muhogo wa kutia nguo, nikasikia kwato kabla sijaona kitu. Walitokea kwenye muhogo, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yao wanaume wenye fimbo wanaozungumza lugha ambayo si Kijita chetu. Alikuwapo mwekundu mwenye doa usoni, na mweupe mwenye pembe zilizokaribia kugusana. Baba alitoka nje na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona na sikuliona tena. Kijana mmoja mwenye shati la kijani alinitazama akanikonyeza kwa upole, kama mtu anayetaka kufahamiana na watoto wa nyumba.

Nilisahau uji. Nilikimbia mpaka ziwani na sufuria tupu mkononi, nikipiga kelele tangu mbali.

"Dada! Dada! Ng'ombe zako zimekuja! Nyingi! Unaenda, Dada, unaenda!"

Wanawake wa dagaa waliinua vichwa. Mmoja alipiga vigelegele.

Dada alikuwa amesimama majini mpaka magotini anasuuza kitambaa cha altare, kile kirefu cha sikukuu. Alikiachia. Kitambaa kilitanda juu ya maji kikaanza kwenda zake, naye anakitazama tu kama si chake, mpaka nikaingia na nguo zangu nikakikamata.

"Zimetoka wapi?" aliniuliza.

"Butiama."

"Nani kaja nazo?"

"Wazee. Na kijana, shati la kijani. Dada, kuna moja nyeupe, utaipenda."

Alinitazama. Nimezeeka sasa, nimefundisha watoto wengi, nimeona nyuso za kila namna, na ule uso bado sijui kuusoma. Haukuwa wa hasira. Nadhani aliona kwamba ninafurahi kweli, na kwamba sijui, na akawa anatafuta mahali pa kuliweka hilo pia.

"Shika huko," akasema.

Kitambaa kirefu kinakamuliwa na watu wawili. Nikashika ncha moja, yeye nyingine, akaanza kusokota. Kwa kawaida alisokota kidogo tukacheka maji yakitumwagikia miguuni. Siku ile alisokota mpaka kitambaa kikawa kigumu kama kamba ya nanga, mpaka hakuna tone, na bado anasokota. Viganja viliniuma lakini sikuachia. Nilidhani tunafanya haraka kwa sababu ya safari. Nikataka kumfurahisha, nikaanza mchezo mimi, kinyume cha utaratibu. "*Laves*," nikasema. Nikangoja aseme ya kwake. Akakunja kitambaa, akakiweka ndani ya beseni, akajitwika, tukapanda nyumbani.

Arusi ilifuata upesi, maana ng'ombe walishafika. Kwetu bibi arusi hulia akitolewa nyumbani. Asipolia watu wanasema hana mapenzi na kwao, au ana haraka ya mume. Dada alilia. Alilia tangu asubuhi mpaka walipompandisha gari, na shangazi zangu walikaa mstari mmoja wakimsifu. "Huyu amefundwa," mmoja alisema. "Analia vizuri sana." Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye uwanja ule aliyeweza kujua kama machozi yale ni ya desturi au ni ya kweli, na ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba siku pekee aliyolia mbele ya watu wote ilikuwa siku ambayo kulia hakukuwa na maana.

Hata hapo mimi nilikuwa bado na hesabu zangu. Nilidhani anapita Butiama kwanza, kuaga. Ng'ombe walikaa kwetu kidogo tu, kisha wakaswagwa kuelekea Bunda, mwekundu, mweupe na wote. Nilimuuliza Mama kama Bunda iko kwenye njia ya kwenda Hispania. Mama hakucheka. Aliniweka katikati ya magoti yake kama anataka kunisuka, akaniambia kwamba Bunda kuna binti ambaye Magesa anamchumbia, na wazazi wake walikuwa wanangoja. "Ng'ombe za dada ndizo zinamuoleaga kaka," alisema. "Hata mimi zangu zilimuolea mjomba wako. Hujaniona niko hapa?"

Sista alikuja mara moja baada ya hapo. Hakutaka chai. Alisimama uani akatazama kamba ya nguo ya Mama. "Baba alisema tutaona," aliniambia mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. "Mimi nikangoja kuona." Muda mfupi baadaye alihamishwa, na nguo za misheni zikapewa mtu mwingine.

Ningependa kuwaambia kwamba kulikuwa na mtu mbaya katika habari hii, maana ingekuwa rahisi. Hakuna. Wifi aliyekuja kutoka Bunda ni mwanamke mwema, alimuuguza Mama mpaka mwisho. Shemeji, yule mwenye shati la kijani, hakuwahi kumwinulia Dada mkono. Baba alifanya lile ambalo baba wote wa pale walifanya, na jirani zake wangemcheka kama asingefanya. Na mimi nilifaidika. Zamu yangu ilipofika, Magesa ameshaoa, nyumba imetulia, Mafuru bado mdogo, hakuna aliyekuwa na haraka na mimi. Nilisoma. Nikawa mwalimu. Niko Musoma na mshahara wangu, na sikuolewa mpaka nilipotaka. Njia hiyo yote niliyopita aliifyeka Dada, na hakuna aliyemuuliza.

Nilikuwa nakwenda Butiama kumsalimia, si mara nyingi. Musoma na Butiama si mbali, msiniulize kwa nini. Kila nilipofika nilisikia ile sauti yangu ya kitoto, unaenda, Dada, unaenda, nikaamini naye anaisikia. Tulizungumza habari za mahindi, za watoto, za mguu wa mama mkwe wake. Mara moja nilianza. Nikasema, "Dada, unamkumbuka Sista Pilari?" Akasema, "Chumvi imeisha, hebu nichukulie hapo kwa jirani." Nilichukua chumvi. Niliporudi alikuwa na wageni. Nikakata shauri kwamba hataki, na kwamba ana haki ya kutotaka, na miaka ikaenda hivyo, nikimwachia nafasi ambayo sasa sijui kama aliiomba.

Aliugua kwa muda mfupi. Nilifika siku ya kuzika.

Kwa watu wa upande ule nguo za marehemu mwanamke hufuliwa kabla ya kugawiwa, na hazifuliwi mpaka awepo mtu wa kwao. Kwa hiyo siku ya kumaliza matanga niliitwa. Huko hakuna ziwa. Kuna bomba na foleni ya ndoo. Binti zake walikuwa wameshapanga mabeseni chini ya mti wa mpera, kanga zake zimerundikwa, na kipande cha mche kimekatwa. Mkubwa wao, Nyangeta, mama wa watoto sasa, alinipa kigoda.

"Mama mdogo, samahani," alisema, "sisi tukifua tunaimbaga Kijita cha Mama. Usitucheke, wewe ndo mwenye lugha."

Nikamwambia waimbe tu. Nilidhani ni nyimbo za nyumbani.

Nyangeta aliloweka kanga, akaikunja ukingo, akaanza kufikicha. "*Lavo*," akasema.

Hakuna aliyejibu. Mikono ilikwenda, povu likapanda, kwa muda wa neno moja. Kisha mdogo wake akasema, "*Lava*." Wote kwa pamoja, "*Lavamos*." Wakawatazama wanaume waliokaa kwenye turubai, wakawarushia, "*Laváis*." Na lile la mwisho wakawapa kuku.

Niliomba maji ya kunywa.

Kumbe maisha yake yote ya ndoa alikuwa anakisema. Katika nyumba ile hakuna aliyejua Kijita, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hicho si Kijita. Mama mkwe alidhani ndivyo watu wa ziwani wanavyozungumza wakiwa na nguo. Shemeji, mzee sasa, aliniambia baadaye kwamba alijaribu kujifunza maneno hayo ili amfurahishe, yakamshinda. Watoto walikua nayo, walijua ya jana na ya kesho, na ile ya kitu ambacho hakijawa. Walijua zote.

"Mbona mnaruka moja?" niliwauliza. Sauti yangu ilikuwa ya kimwalimu, ndiyo niliyokuwa nayo karibu.

Nyangeta alitikisa kichwa. "Haturuki, Mama mdogo. Hapo pana mwenyewe. Sisi tulitakaga kuisema hiyo, tukagombana nani apewe, Mama akakataa kabisa. Akasemaga hapo pana mwenyewe, yuko Musoma. Mnyamaze kidogo, mumwachie." Alifuta povu kwenye mkono. "Nikamuuliza kama huyo mtu hayupo, tunamngojea nini. Akasema akija ataisema."

Binti mdogo alikuwa ameshika kanga nyingine, ya njano, ile niliyomletea mwenyewe kutoka Musoma mwaka mmoja na kudhani haivai. Ilikuwa imechakaa kwa kuvaliwa. Wakaanza upya, safari hii ile ya kitu ambacho hakijawa.

"*Lave*," akasema Nyangeta.

Wakanyamaza, kama walivyofundishwa. Mikono yao ilikuwa ndani ya povu, hawanitazami, wananiachia tu.